Sura ya Saba: Picha Imepita, Sauti Imekwama

Mpiga picha za harusi mjini Mombasa ana faili la saa tatu ambalo familia ya bibi harusi inalisubiri, na tangu adhuhuri mstari wa maendeleo umegoma kwenye asilimia 41. Kijana anayewawekea watu filamu kwenye flashi huko Kariakoo anageuza faili la MKV liwe MP4 ili lichezeke kwenye televisheni ya mteja; picha inapita, sauti inakwama. Fundi wa kwaya naye amerekodi ibada nzima ya Pasaka, na kila akijaribu kuibadilisha, kompyuta inastaki. Kila mmoja ana swali lile lile: kwa nini programu inaenda vizuri kabisa, halafu ikigusa sauti inaganda?

Mara nyingi programu hiyo haijafa. Imesimama ikisubiri kitu: nafasi kwenye diski, kipande cha sauti ambacho hakiji, jibu la swali ambalo mtumiaji hakuliona, au programu nyingine ambayo nayo inaisubiri hiyo hiyo. Anayejua inachosubiri humaliza tatizo kwa dakika chache. Asiyejua huzima, huwasha, hujaribu tena, na usiku unaisha.

Je, imeganda kweli?

Windows huiandikia programu maneno "Not Responding" pale dirisha lake linapokaa sekunde 5 bila kuuitikia mfumo. Sekunde 5 tu. Programu ambayo mwandishi wake hakutenganisha kazi nzito na kazi ya kuchora dirisha itaandikiwa hivyo hata kama ndani inachapa kazi kama kawaida. Watu wengi huiua hapo hapo, na pamoja nayo hupotea saa mbili za kazi iliyokuwa imebakiza dakika chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuzima chochote, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, linaloonyesha kila programu inatumia kiasi gani cha prosesa, kumbukumbu na diski. Pembeni yake, fungua folda ambamo faili jipya linaandikwa, uangalie kama ukubwa wake unaongezeka. Utakutana na moja ya hali hizi:

- Prosesa inafanya kazi, hata kama ni kidogo. Subiri. Kubadilisha sauti kwa kawaida hutumia kiini kimoja tu cha prosesa, hivyo kwenye kompyuta yenye viini 8 kazi inayokwenda kwa kasi kamili itasomeka kama asilimia 12 hivi. Hiyo si dalili ya uvivu.
- Prosesa imetulia lakini diski inaandika. Programu inafunga faili. Iache.
- Prosesa ni sifuri, diski ni sifuri, na faili halijakua kwa dakika 10. Hapo imeganda kweli.

Hali ya pili ndiyo inayowadanganya watu wengi, nayo inahitaji maelezo. Faili la MP4 lina faharasa ndani yake, yaani orodha inayoiambia deki au simu kila kipande cha picha na cha sauti kimekaa wapi. Faharasa hiyo hukamilika mwishoni, vipande vyote vinapokuwa vimeshajulikana. Programu ikiombwa kuiweka mbele ya faili ili video ianze kucheza upesi mtandaoni, inalazimika kusogeza karibu faili lote. Faili la GB 4 kwenye flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde litachukua karibu dakika 7, na muda wote huo mstari wa maendeleo unasoma asilimia 100 bila kutikisika. HandBrake, programu ya bure inayotumiwa sana kwa kazi hii, huandika neno "Muxing" wakati huo, na neno hilo halimwambii chochote mtu wa kawaida. Maana yake ni kwamba inaunganisha picha na sauti.

Kilichomo ndani ya faili moja

Faili la video ni kontena, yaani chombo kinachobeba vitu kadhaa kwa pamoja: mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine maandishi ya tafsiri. MP4, MKV na AVI ni majina ya makontena. Jina la kontena halisemi sauti iliyomo ni ya aina gani. Hilo husemwa na kodeki, yaani kanuni iliyotumika kuibana sauti au picha ili isichukue nafasi kubwa. Ndiyo maana mafaili mawili yote yanaishia na .mkv, moja likacheza vizuri kwenye televisheni na lingine likatoa picha bila sauti: la kwanza limebanwa kwa AAC, la pili kwa DTS, kodeki ambayo televisheni nyingi haziisomi.

Picha na sauti huhesabiwa kwa njia tofauti kabisa. Video ya kawaida ya Afrika Mashariki, inayofuata mfumo wa PAL, ina picha 25 kwa sekunde. Sauti yake huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Sampuli ni kipimo kimoja cha kimo cha wimbi la sauti kwa wakati mmoja. Kodeki haizibani sampuli hizo moja moja. AAC huzifunga 1,024 kwa pamoja kuwa pakiti moja, na AC-3, kodeki ya Dolby inayopatikana kwenye DVD, huzifunga 1,536. Kwa hiyo kila sekunde ya harusi ile ina picha 25 na pakiti 47 hivi za AAC, na kila moja ina saa yake iliyoandikwa: ichezwe lini.

Mwishoni mwa kazi kuna sehemu ya programu inayozipanga pakiti hizo zote katika mstari mmoja kwa kufuata saa. Picha ya dakika ya 40 haiwezi kuandikwa kwenye faili kabla sauti ya dakika ya 40 haijafika. Sauti ikichelewa, picha zinajipanga kwenye kumbukumbu kusubiri. Foleni ikijaa, kinachozalisha picha nacho husimama. Mtu anayetazama kioo huona kila kitu kimesimama, na hapo ndipo sauti inapobebeshwa lawama, hata pale ambapo kosa ni la diski au la kumbukumbu.

Kwa ufupi: kontena ni chombo, kodeki ni namna ya kubana, pakiti ni kifurushi kidogo chenye saa yake. Picha na sauti husubiriana, hivyo mkondo mmoja ukikwama na mwingine hukwama.

Programu mbili zinaposubiriana

Hapa ndipo palipo na chanzo ambacho wauzaji wa programu hawakizungumzii, ingawa kinaweza kueleza kuganda kwingi kwa ajabu.

Programu nyingi za kubadilisha video, zikiwemo zinazouzwa kwa bei, hazibadilishi chochote zenyewe. Zina dirisha zuri lenye vitufe, na nyuma yake zinaiita FFmpeg ifanye kazi. FFmpeg ni programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina dirisha; hupewa amri kwa maandishi, nayo hujibu kwa maandishi. Dirisha na FFmpeg huzungumza kupitia bomba, jina ambalo mafundi hulipa njia ya ndani ya kompyuta inayopitisha maandishi kutoka programu moja kwenda nyingine.

Bomba hilo lina ukubwa maalumu. Kwenye Linux, kwa kawaida hubeba baiti 65,536, yaani herufi za kawaida kama elfu sitini na tano. FFmpeg inapokutana na pakiti mbovu ya sauti huandika onyo kwenye bomba na kuendelea. Dirisha likiwa linayasoma maonyo, hakuna shida. Lakini mwandishi akiwa amelitengeneza dirisha lisubiri mpaka FFmpeg imalize ndipo lisome, basi bomba linajaa. FFmpeg haiwezi kuandika onyo linalofuata, kwa hiyo inasimama mpaka nafasi ipatikane. Dirisha linasubiri FFmpeg imalize. Ni kama daladala mbili zilizokutana katikati ya daraja la njia moja, kila dereva akimsubiri mwenzake arudi nyuma. Hali hii ni ya zamani katika kompyuta. Mholanzi Edsger Dijkstra aliichambua katika miaka ya 1960.

Hesabu yake inaeleza kwa nini sauti ndiyo huwa chanzo. Chukua onyo moja kuwa na herufi 100. Bomba litajazwa na maonyo 655. Kwa pakiti 47 kwa sekunde, zote zikiwa mbovu, sekunde 14 za sauti iliyoharibika zinatosha kuisimamisha kazi ya saa tatu. Picha, zenye pakiti 25 tu kwa sekunde, zingechukua karibu mara mbili ya muda huo kulijaza bomba lile lile. Video isiyo na kasoro hulijaza bomba polepole zaidi, na ndiyo maana programu ile ile huweza kuwa nzuri kwa wateja 20 kisha ikagoma kwa wa 21.

Kuna ndugu wa tatizo hili, na huyu ni rahisi kumgundua. FFmpeg ikikuta faili lenye jina lile lile tayari lipo, huuliza: liandikwe juu yake au la? Hungoja herufi y au N. Dirisha likiwa halikupitisha swali, mtumiaji haoni kitu, na FFmpeg itangoja mpaka kompyuta izimwe. Aliyejaribu mara ya kwanza akashindwa, akajaribu tena bila kufuta kipande kilichobaki kwenye folda, anaweza kuwa amelitengeneza tatizo la pili kwa mikono yake. Futa mabaki kila mara kabla ya kuanza upya.

Sauti inapokuwa na kasoro yenyewe

Swali la kwanza la fundi mzoefu huwa hili: je, inagandia mahali pale pale? Harusi ikikwama kwenye asilimia 41 leo, kesho asilimia 41, na kwenye kompyuta ya jirani asilimia 41, kasoro imo ndani ya faili. Ikikwama leo kwenye 41, kesho kwenye 73, basi faili halina kosa. Angalia joto la kompyuta, kumbukumbu, waya wa diski ya nje, au programu ya kuzuia virusi inayoikagua kila baiti inayoandikwa.

Kasoro za ndani ya faili zina vyanzo vichache vinavyojirudia. Memori kadi iliyochoka hupoteza vipande katikati. Waya wa maikrofoni ukilegea huleta kelele tu, haugandishi programu, ila kinasa kikizimika na kuwashwa tena huacha pengo katika saa za pakiti. Simu iliyoishiwa chaji wakati wa kurekodi huacha MP4 isiyo na faharasa kabisa. Hiyo haigandi, inakataa kufunguka, na dawa yake ni programu za kukarabati zinazoazima faharasa ya video nyingine iliyorekodiwa kwa simu ile ile na mpangilio ule ule.

Chanzo chenye kushangaza zaidi hutokea kwa vipindi vilivyorekodiwa kutoka kwenye king'amuzi. Mafaili hayo huwa ya aina ya TS, yaani mkondo wa usafirishaji wa matangazo. Saa yake huhesabu vipigo 90,000 kwa sekunde, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo hujaa kila baada ya saa 26 na nusu, kisha huanza tena sifuri. Rekodi ya dakika 40 inaweza kuangukia kwenye mpaka huo. Programu ikikosea kuisoma, huona sauti imeruka saa 26, na ikiwa imeagizwa kujaza mapengo kwa ukimya, itaanza kuandika ukimya wa saa 26. Prosesa inafanya kazi, diski inaandika, faili linakua, na mwisho hauonekani. Mtu akiona faili la sauti la kipindi kifupi limefika GB kadhaa, ajue ndicho kinachotokea.

Kuta za GB 4

Programu kadhaa, hasa za zamani, hufanya kazi kwa awamu: huitoa sauti yote kwanza na kuiandika kama WAV, yaani sauti isiyobanwa, kisha huibana upya. WAV ya spika mbili hula baiti 192,000 kwa sekunde, sawa na MB 691 kwa saa. Hiyo haina neno. Filamu yenye sauti ya spika sita, yaani za mbele, za nyuma na besi, hula mara tatu ya hapo.

Tatizo ni kwamba muundo wa kawaida wa WAV hauwezi kutaja ukubwa unaozidi baiti 4,294,967,295, yaani GB 4. Sauti ya spika sita huufikia ukuta huo baada ya saa 2, dakika 4 na sekunde 16. Filamu ya dakika 100 inapita. Ya saa mbili na robo inakwama karibu na mwisho, na mwenye kompyuta anaapa kwamba filamu ndefu zina mkosi.

Ukuta wa pili una kimo hicho hicho, nao uko kwenye flashi. Flashi na memori kadi nyingi huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lililofika GB 4 hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Programu nzuri husema haina nafasi. Mbaya husimama kimya. Kuipanga flashi upya kwa exFAT huondoa ukuta huo, ila kufanya hivyo hufuta kila kilichomo, na deki za zamani huenda zisiisome tena. Njia salama kwa anayehudumia wateja ni kuliandika faili kwenye diski ya ndani ya kompyuta kwanza, kisha kulihamisha.

Kwa ufupi: kazi ikifia karibu na saa mbili, au faili likikaribia GB 4, usihangaike na kodeki. Angalia kuta hizi mbili.

Kumtafuta mkosaji hatua kwa hatua

Mpangilio wa hatua una umuhimu, kwa sababu kila moja hufunga mlango mmoja wa shaka. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo anaweza kufaulu bila kujua kipi kilisaidia, na harusi ya wiki ijayo itamrudisha pale pale.

1. Nakili faili kutoka kwenye flashi au memori kadi kwenda diski ya ndani, na ulipe jina fupi lisilo na alama za ajabu. Kunakili kukikwama, kadi ndiyo mbovu.
2. Hakikisha diski ina nafasi tupu angalau mara mbili ya ukubwa wa faili.
3. Badilisha dakika moja tu ya mwanzo. Ikipita, kodeki na mipangilio havina kosa.
4. Badilisha picha bila sauti, kisha sauti bila picha. Upande utakaoganda umejitaja.
5. Soma logi, yaani kumbukumbu ya maandishi ambayo programu hujiandikia. Kwenye HandBrake hupatikana kwa kitufe cha Activity Log. Mistari ya mwisho kabla ya ukimya ndiyo yenye maana.

Mwenye FFmpeg kwenye kompyuta yake anaweza kulipima faili zima kwa mstari mmoja:

ffmpeg -v error -i harusi.mp4 -f null -

Amri hiyo hulisoma faili tangu mwanzo hadi mwisho bila kuandika kitu chochote kwenye diski, na huonyesha makosa tu. Kioo kikibaki kitupu mpaka mwisho, faili ni zima, na lawama zirudi kwa programu au kompyuta.

Ikithibitika kwamba sauti ndiyo mgonjwa, itibiwe peke yake. Itolewe kwenye faili, inyooshwe, kisha irudishwe kwenye picha:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -af aresample=async=1 -ar 48000 sauti.wav

ffmpeg -i harusi.mp4 -i sauti.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac mpya.mp4

Katika mstari wa kwanza, -vn huiacha picha nje, na sehemu ya aresample huifanya sauti ifuate saa yake, ikijaza mapengo kwa ukimya. Kwa rekodi ya king'amuzi iliyoelezwa juu, sehemu hiyo iondolewe. Mstari wa pili huchukua picha kama ilivyo, bila kuibana upya, na kuiunganisha na sauti iliyonyooshwa. Kwa kuwa picha haiguswi, hata harusi ya saa tatu huisha kwa dakika chache, na ubora wa picha haupungui hata kidogo. Hili ni jambo ambalo mafundi wengi wangelifurahia kama wangelijua mapema: kwa sauti iliyoharibika, kuibana picha upya ni kupoteza muda na ubora.

Asiyependa amri za maandishi anaweza kufanya sehemu ya kazi hii ndani ya HandBrake. Kwenye ukurasa wa Audio, abakize mkondo mmoja tu wa sauti, aondoe chaguo la kuipitisha sauti kama ilivyo, achague AAC ya spika mbili. Filamu zenye mikondo mitatu au minne ya lugha hupona kwa hatua hiyo moja, kwa kuwa mkondo mbovu mara nyingi ni ule ambao hakuna aliyeuhitaji.

Baada ya kupona: midomo na maneno

Faili likishakamilika, lisikabidhiwe kabla ya kutazamwa mahali patatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Tafuta tukio lenye kishindo kinachoonekana, kama makofi yanapopigwa au ngoma inapopigwa.

Sauti ikiwa imechelewa kwa kiasi kile kile mahali pote, ni kuchelewa kwa kudumu, na isogezwe tu. Ikianza sawa kisha ikazidi kuachana na picha, kasi ndiyo iliyosomwa vibaya. Video ya picha 29.97 kwa sekunde ikichukuliwa kuwa ya 30, huachana na sauti kwa sekunde 3.6 kila saa. Mwishoni mwa harusi ya saa tatu, vigelegele vinasikika karibu sekunde 11 baada ya keki kukatwa. Simu za mkononi huongeza utata, maana nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde zenyewe kulingana na mwanga uliopo, na rekodi ya ukumbi wenye taa hafifu inaweza kupanda na kushuka mara nyingi. Dawa ni kuchagua kasi isiyobadilika, ambayo kwenye HandBrake imeandikwa "Constant Framerate" katika ukurasa wa Video, na kubadilisha upya kutoka kwenye faili la asili. Hapo picha italazimika kubanwa tena, kwa hiyo memori kadi ya kamera isifutwe mpaka mteja awe ameitazama kazi hadi mwisho.